Taabu na Mbuzi Kwenye Barabara ya Kasulu

Venanti hakuwa na gari wala baiskeli, na viatu alivaa Jumapili tu. Hata hivyo, pale Kibondo mtu akitaka kujua gari lipi linapanda mlima vizuri na lipi linakata kona bila kuyumba, alikwenda kukaa kwenye benchi la mbele ya cherehani ya Venanti, akamuuliza.

Mwaka sabini na mbili, wakati wa vurugu za Burundi, alivuka mpaka kutoka huko, yeye akiwa amebeba kichwa cha cherehani begani, mkewe Uwimana akimfuata na redio. Akapata kibaraza sokoni, akawa fundi wa sare za shule na suruali za makarani. Kila Pasaka, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yalipotangazwa redioni, kazi yote ilisimama. Mwaka mmoja karani wa mahakama alikwenda kanisani na suruali yenye mguu mmoja mrefu na mwingine wa kaptula, kwa sababu kuna dereva alikwama matopeni huko Kenya na Venanti alikataa kushika sindano mpaka mtu huyo achomolewe.

Tena alikuwa na sikio. Gari likipita nyuma yake, hageuki. Anashona tu, anasema, "Landrova ya kilimo hiyo, inakwenda na gia ya pili." Watu wakigeuka wanakuta ni kweli, wanatikisa vichwa. Hawakukumbuka kwamba magari ya Kibondo nzima yangeweza kuhesabiwa kwa vidole, na vidole vingine vikabaki bila kazi.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Uwimana peke yake ndiye aliyelijua. Mtaalamu huyu wa magari alikuwa hawezi kupanda gari. Lori lililowaleta kutoka mpakani lilimtapisha mpaka mama mmoja akaanza kumsomea sala za kufa. Tangu siku ile kila alikokwenda alikwenda kwa miguu, na akiulizwa husema anapenda kuichunguza barabara.

Basi akaja Kibondo Bwana Athuman, mtu wa Pangani, aliyeletwa kuwa Bwana Mifugo wa wilaya. Alikuja na gari lake dogo la saluni, Pijo nyeupe, na kichwa kilichojaa mawazo. Dereva mmoja wa malori alikuwa amemsimulia kwamba malori mapya ya Ulaya yana kitu kinaitwa tabo, kinachosukuma hewa kwenye injini ili ipate nguvu. Athuman hakulala. Alikwenda Kumsenga kwa mhunzi wa majembe, akarudi na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, ile ambayo Waha huiita imivuba, akaifunga mbele ya kiti cha abiria. Bomba la mpira lilitoka hapo, likapenya ukutani mwa gari, likaishia kwenye kabureta.

"Injini ni kama moto wa mhunzi," aliwaeleza watu wa benchini. "Ukiupulizia unawaka. Wenzetu wanapulizia kwa mashine, mimi napulizia kwa mkono. Hii ndiyo tabo."

"Inaitwa taabu?" aliuliza mama muuza ndizi.

Jina likaganda. Tangu hapo gari lile likaitwa Taabu, na mwenyewe alikasirika wiki nzima, kisha akazoea.

Habari zilifika Kasulu, kwa Evaristi, mwenye hoteli ya chai. Evaristi naye alikuwa na saluni yake ya namna yake. Alichukua bodi ya gari dogo la bluu, akaipandisha juu ya chasisi ya Landrova chakavu, ili saluni hiyo ivutwe na magurudumu yote manne. Lilikuwa refu kwenda juu hata abiria aliingia kwa kukanyaga kigoda. Lilipanda popote, kwa hiyo wakaliita Mbuzi.

Evaristi akaja Kibondo mwenyewe, kofia yake mpya ya manyoya kichwani, akasimama mbele ya Athuman pale pale kwenye kibaraza cha Venanti.

"Bwana Mifugo, upepo hausukumi gari matopeni," alisema. "Matopeni panataka magurudumu."

"Na mlimani panataka nguvu, ndugu yangu," Athuman alimjibu. "Hilo lako ni kabati lenye matairi."

Maneno yakazidi. Mwishowe wakakubaliana: Jumamosi, kwa vile Jumapili mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani siku hizo za uhaba wa mafuta, wataondoka Kibondo pamoja hadi Kasulu. Atakayeshindwa ataandika kwa rangi kwenye mlango wa gari lake, MIMI NI WA PILI. Na mwamuzi? Watu wote wa benchini walimgeukia Venanti kwa pamoja. Atapanda Taabu mpaka daraja la Malagarasi, kisha ahamie Mbuzi mpaka Kasulu, na hapo atoe hukumu.

Venanti alilikumbuka lile lori la mpakani. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshazoea kusema. "Bila shaka," ulisema. "Nitaangalia nguvu, breki, na namna ya kukata kona."

Nyumbani Uwimana alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Esteri, utaangalia kona kwa macho gani? Wewe hata bembea ya watoto inakulaza."

"Nimekwisha kubali."

"Basi usile kitu," alisema mkewe, naye akampakia tangawizi mfukoni.

Jumamosi asubuhi soko zima lilihamia barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu unang'aa kama umepakwa mafuta. Kijana wa mhunzi, ambaye ndiye angevukuta, akatuma salamu kwamba amefiwa na shangazi. Athuman alimtazama Venanti.

"Mwamuzi, utavukuta wewe. Utaijua tabo vizuri zaidi."

Venanti akakaa, akashika vijiti viwili vya mivukuto, kimoja juu kingine chini, kama mtu anayetwanga vinu viwili. Wakaondoka. Fuu, fuu, fuu. Mhunzi hakuwa amekung'uta majivu ya mivukuto, kwa hiyo Taabu lilipiga chafya, likatoa moshi mweusi uliowafunika wote waliokuja kuaga, kisha likaruka mbele kama ng'ombe aliyeona sindano.

"Vukuta, mwamuzi! Mlima huo!" Athuman alipiga kelele.

Venanti alivukuta. Jasho lilimtoka, mabega yaliwaka, miti ilikuwa inapita dirishani kwa kasi ambayo hajawahi kuiona, na katikati ya kelele zile aligundua kitu cha ajabu. Tumbo lilikuwa limetulia. Halikupata nafasi ya kuugua. Mwili wote ulikuwa kazini. Akaanza kucheka. Mlimani, kabla ya Busunzu, walimwacha Evaristi nyuma kabisa. Ukweli ni kwamba hata bila mivukuto wangemwacha, kwani Mbuzi lilikuwa zito kama ghala, lakini jambo hilo halikumpitia mtu yeyote akilini.

Kona zilikuwa habari nyingine. Kwenye utelezi, mkia wa Taabu ulitaka kwenda mbele na pua ibaki nyuma. Kona moja waliikata kinyumenyume, Athuman akisoma dua, Venanti bado anavukuta. Nyingine waliimaliza shambani kwa mtu, katikati ya maharage, na mwenye shamba akawasalimia kwa heshima akidhani wamekuja kukagua kilimo. Walipokwama kwenye bonde la tope, Mbuzi liliwakuta hapo. Evaristi aliwapita taratibu, magurudumu manne yakitafuna tope, akavua kofia kuwaamkia.

"Mwakeye, Bwana Mifugo!" aliwaambia kwa Kiha.

Wanavijiji waliwasukuma, wakafika darajani, ambako Evaristi alikuwa akiwangoja. Venanti akashuka akiwa mwekundu kwa tope, mweusi kwa majivu, na mwenye furaha kama bwana harusi. Aliamini amepona. Akala andazi alilopewa na Evaristi, akala na la pili, akapanda kigoda, akaketi ndani ya Mbuzi.

Hapo hakuwa na la kufanya ila kukaa.

Mbuzi lilishika barabara vizuri mno. Halikuteleza, halikuruka. Liliyumba tu kule juu, polepole, kushoto, kulia, kushoto, kama mama anayebembeleza mtoto mnene. Evaristi alisifia gari lake kila hatua. "Unaona kona hii? Unaona lilivyotulia, ndugu mwamuzi?"

Venanti aliona. Aliona vilima vikipanda na kushuka. Akatafuna tangawizi yote. Walipofika Makere akajua mambo yameharibika.

"Ndugu Evaristi," alisema kwa sauti ndogo, "nipe kofia yako niitazame."

Evaristi alifurahi kwamba mtaalamu ameipenda kofia. Akampa. Na kilichoingia kwenye kofia ile hakikuhitaji kuelezwa.

"Yampayinka!" Evaristi aliapa kwa Kiha kwa sauti kubwa, akashika breki. Mbuzi lilisimama pale pale, bila kuteleza hata kidogo, na Venanti, ambaye alikuwa bado ameinama, alijikumbusha kuliongezea sifa upande wa breki.

Kasulu walimkuta Athuman akinywa chai hotelini kwa Evaristi mwenyewe. Alikuwa amewapita wakati kofia inaoshwa mtoni. Watu wakajaa. Venanti akasimama kwenye kigoda cha Mbuzi, uso kama majani mabichi.

"Taabu lina nguvu lakini halijui linakokwenda," alisema. "Mbuzi linajua linakokwenda lakini halina haraka ya kufika. Gari zuri ni lile lenye magurudumu manne ya hili na upepo wa lile. Gari hilo halipo."

Alidhani amejiokoa. Lakini Athuman na Evaristi walitazamana kama watoto walioonyeshwa njia ya kwenye asali. Chai haijapoa, mivukuto ilikuwa imeshafunguliwa kwenye Pijo na kufungwa ndani ya Mbuzi. Kila mmoja akataka kuvukuta yeye, asije mwenzake akavukuta kwa hila. Wakaketi wote wawili nyuma, kila mtu na kijiti chake.

"Na nani aendeshe?" aliuliza Evaristi.

"Mtaalamu yupo," alisema Athuman.

Maishani mwake Venanti hakuwahi kushika usukani. Angeweza kusema. Watu zaidi ya mia walikuwa wanamtazama, na mdomo wake ukasema, "Bila shaka."

Gia aliijua kwa masikio. Akatia moja, Mbuzi likanguruma. Nyuma wakaanza kuvukuta kwa ushindani, fuu-fuu-fuu-fuu, na likaondoka. Likapita sokoni, kuku wakipaa. Venanti alijaribu kanyagio moja, likaongeza mwendo. Akajaribu la kati, mguu ukateleza kwa tope la Malagarasi. Mbele yake kulikuwa na uwanja wa mpira, na uwanjani walimu walikuwa wanacheza na wafanyakazi wa hospitali. Mbuzi likaingia kwa upande wa walimu. Wachezaji wakatawanyika, mpira ukabaki peke yake. Bampa ikaugusa, ukatangulia, gari likaufuata, na vyote viwili vikaingia golini kwa walimu. Wavu ulilishika Mbuzi kama samaki, injini ikazima.

Kisha refa, mzee mmoja aitwaye Kipriani, mtu wa sheria sana, akapuliza kipenga na kuonyesha katikati ya uwanja.

"Goli!" alisema. "Mpira haukuguswa kwa mkono."

Kelele zilizolipuka hapo zilisahaulisha Taabu, Mbuzi, na mambo ya rangi mlangoni. Walimu walikata rufaa, wauguzi walimbeba Venanti mabegani. Huko juu mabegani aliyumba kushoto na kulia, akaomba kwa haraka ashushwe.

Pale golini ndipo alipotambua kwamba nyuma ya usukani tumbo lake lilikuwa halijasema neno. Evaristi, akiisha kununua kofia nyingine, alimfundisha breki, maana alisema mtu aliyefika mbali vile bila breki hawezi kuachwa hivi hivi. Mwaka uliofuata Venanti alikuwa akiendesha Mbuzi kati ya Kasulu na Kibondo, akipeleka abiria na ndizi, cherehani kamwachia Uwimana.

Siku ya kwanza kumpakia mkewe alitaka kumwonyesha ufundi. Alikata kona taratibu, akashuka mteremko kwa gia, akaeleza kila alichofanya na sababu yake. Uwimana alikaa wima, kuku mapajani, akitazama nje.

"Baba Esteri," alisema mwishowe, "unaeleza vizuri sana. Ila yule wa baiskeli ametupita."

"Yupi?"

"Yule mwenye mkungu wa ndizi. Na bibi aliyempakia nyuma ametupungia mkono."