Anwani ya Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Jikoni wananijua: nikinyamaza kwa muda wa uji kuchemka, mtu anakuja kuniuliza kama naumwa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kilichonisumbua muhula ule ni woga wa kuongea, au woga wa kompyuta. Kilichonisumbua ni jina la mtu mmoja, na jina lenyewe hata leo sitalitaja hapa.

Napikia shule ya sekondari ya bweni, nje kidogo ya Tukuyu, upande wa barabara iendayo Masoko. Nilianza kwa kuchambua maharage, nikapanda polepole hadi nikawa mkuu wa jiko. Ukuu huo si wa kutambia mbele za watu, lakini ni wangu. Mimi ndiye ninayeonja na kusema bado. Mimi ndiye ninayemwambia mtunza stoo kwamba gunia lile limeanza kupata unyevu, tulitumie kwanza. Mvua ya kwetu haina likizo, na asubuhi za ukungu watoto wakija na vikombe wanatetemeka, mimi ndiye wanayemtazama. Nalipenda jiko lile kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mume wangu.

Basi mkuu wa shule, mama mmoja mkali lakini wa haki, aliyehamia kwetu kutoka Kigoma, akatuita wapishi, walinzi na watu wa stoo. Akasema habari za karatasi zimekwisha. Maombi ya chakula yatakwenda kwa barua pepe, na kiongozi wa kila kitengo atayatuma mwenyewe, kwa mkono wake. Atakayeshindwa hadi muhula unaisha, nafasi yake atapewa anayeweza. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtu anayesema kwa ubaya unaweza kumnunia.

Tukaanza mafunzo kila siku baada ya kugawa chakula cha mchana. Mwalimu wetu alikuwa binti wa Dar es Salaam aliyevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na bado akalia baridi. Siku ya kwanza tulinawa mikono hadi kwenye viwiko kama watu wanaokwenda kukanda maandazi. Mpishi mwenzangu, Mwislamu wa pale mjini ambaye mumewe ana duka sokoni, alipokishika kipanya alisema Bismillahi kwa sauti. Mimi nilikishika kama ninavyoshika mwiko, nikakisukuma kwa nguvu za ugali wa shule nzima, mshale ukapotelea pembeni mwa skrini.

"Polepole, mama," mwalimu akasema. "Hiyo haisongwi."

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Na baada ya kicheko kile, niseme ukweli, mambo yakawa mepesi. Kuwasha, kuzima, kufungua, kuandika, kutuma. Nilikuwa nimejiandaa kuaibika uzeeni, na kumbe vidole vyangu havikuwa na ugomvi na vile vitufe. Nilirudi nyumbani Mpuguso nikiimba njia nzima.

Kisha ikafika siku mwalimu alipoandika ubaoni anwani tutakazotumia. Ya mkuu wa shule. Ya mhasibu. Na ya mwenyekiti wa kamati ya chakula, ambaye bila idhini yake halitoki hata debe moja la maharage. Nikaisoma ile ya tatu, nikainamisha kichwa. Ilikuwa jina lake lote, herufi kwa herufi, na mwenyekiti yule ni baba mkwe wangu.

Asiye wa kwetu atauliza: kuna nini hapo? Kwetu Rungwe, sisi tulioolewa kwa desturi ya wazee, mkamwana, yaani mke wa mtoto wao, hamtazami baba mkwe usoni. Haongei naye, hakai naye chumba kimoja, wala halitaji jina lake. Nikimwona njiani natumbukia migombani mpaka apite. Yeye naye akikaribia kwetu hukohoa kutoka mbali, ili nipate nafasi ya kuingia ndani. Si chuki, ni heshima, na ni nzito. Wasichana wa siku hizi wengi wamelegeza, wengine hata wanapiga picha na wakwe zao. Mimi sikulegeza. Jirani yangu mmoja wa Nkunga, mkwewe ana jina linalokaribiana na chumvi kwa Kinyakyusa, na mpaka leo dukani anaomba "kile cheupe cha kutia kwenye mboga."

Zamani hakukuwa na tatizo. Karatasi yangu ilipita kwa mtunza stoo, mtunza stoo akampelekea mzee, mzee akatia sahihi, tukaivisha. Lakini mzee, ambaye ni mwalimu mstaafu, alikuwa amekwenda Mbeya kwa binti yake kutibiwa mguu, na kazi za kamati alizifanya kwa simu yake. Njia ya kumfikia ilikuwa moja tu, na ilipita kwenye jina lake.

Jikoni tulilijadili wakati wa kumenya viazi.

"Kuandika si kutaja," mwenzangu akasema. "Mdomo wako umefungwa, dada. Hapo kosa liko wapi?"

"Jina ni jina," akasema mama mmoja mtu mzima anayetusaidia kuni. "Ukiliandika umelitaja kwa vidole."

"Basi nipe mimi niandike. Mkwe wangu mimi nampa mkono kila Idi."

Lakini mkuu wa shule alikuwa ameshasema kwamba anayeandikiwa na anayeandika, wote wameshindwa. Nisingeweza kumtia mwenzangu matatani kwa ajili ya mkwe wangu.

Siku ya kutuma ilipofika niliandika ombi zuri: unga, maharage, mafuta, chumvi. Nikaweka anwani ya mkuu wa shule, nikaweka ya mhasibu. Kwenye ile ya tatu vidole vilisimama juu ya kibodi, vikakataa. Nikasema moyoni heri nusu shari kuliko shari kamili, nikabonyeza. Mwalimu akapita nyuma yangu, akaona imetumwa, akanipigia makofi. Wenzangu wakapiga pia. Nilitabasamu kwa meno yote.

Nilidhani mmoja kati ya wale wawili atampelekea mzee. Kila mmoja naye alidhani mzee amekwishapata. Siku zikaenda, magunia yakapungua mpaka ukuta wa nyuma wa stoo ukaonekana, nami nikaanza kuongeza maji kwenye maharage na kuyaita mchuzi. Kisha nikaitwa ofisini.

"Mama, mwenyekiti anasema hajapata ombi lolote," mkuu wa shule akasema. "Ulituma au hukutuma?"

"Nilituma, madam."

"Kwake?"

Mimi, mtu wa maneno mengi, nikatazama sakafu. Ningemweleza, lakini nilimwona kama atanicheka, au vibaya zaidi, kama atanionea huruma na kumpa mwingine hilo jiko kwa upole.

"Kesho asubuhi utatuma hapa, mbele yangu. Ukishindwa, nitajua la kufanya, na wewe unalijua."

Jioni ile nilimpigia simu mama mkwe, aliyekuwa Mbeya akimwuguza mzee. Mama mkwe kwangu hana kizuizi, ni rafiki. Nilimweleza yote huku nalia, nikamwambia nitalipoteza jiko langu. Yule mama akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo watoto wa watu wanakunywa maji ya maharage kwa sababu ya mume wangu?"

"Mama, usicheke. Nifanye nini?"

"Ulale. Na kesho ufungue hiyo mashine yako kabla hujaanza kulia."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akikohoa. Nilikijua kikohozi kile, ndicho kinachonikimbiza ndani siku zote. Nikakata simu haraka, kwa adabu.

Asubuhi mkuu wa shule alivuta kiti akakaa kando yangu. Paswedi niliikosea mara ya kwanza. Barua pepe ikafunguka, na juu kabisa, kwa herufi nene, kulikuwa na barua mpya. Jina la aliyeileta sikulisoma. Nililifunika kwa ncha ya khanga, nikasoma ya ndani tu.

"Mkamwana, mimi ni wa Mbeya, mwenye mguu. Anwani yako nimepewa na mhasibu, nimekuandikia mimi kwanza. Sasa huna haja ya kuandika jina la mtu. Bonyeza pa kujibu, mashine itanijua yenyewe. Niletee ombi la chakula."

Nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni wa kutoka mlimani. Yule mzee alikuwa amelala akilifikiria jambo langu, akatafuta njia ambayo mimi sikuijua na mwalimu hakuifundisha, na asiivunje heshima hata kidogo. Nikabonyeza pa kujibu. Nafasi ya anwani ikajaa yenyewe, chini ya khanga yangu.

"Mbona umefunika skrini?" mkuu wa shule akauliza.

Safari hii nilimweleza, kwa sababu hofu ilikuwa imeniishia. Hakucheka. Alisema kwao pia kuna mambo kama hayo, na kwamba ningemwambia mapema watoto wangekula maharage mazito. Kisha akageuza kiti chake, akatazama dirishani mpaka nimalize.

Ombi nililijua kwa moyo. Kilichonichelewesha ni mstari wa kwanza. Huwezi kumwomba mkubwa unga bila kumwamkia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwamkia mtu yule tangu nilipoolewa. Lisilo budi hutendwa. Nikaandika: "Shikamoo baba." Nikalitazama neno lile kwa muda, kisha nikaandika unga, maharage, mafuta, chumvi.

Jibu lilikuja nikiwa nimesharudi jikoni. Mwalimu wa kompyuta alikuja mbio na makoti yake akaniita, nami nikaacha mwiko kwa mwenzangu. Idhini ilikuwa imepita, na mkuu wa shule alikuwa ameshapiga simu maharage yaletwe. Jiko lilibaki langu. Nilikaa kwenye kile kiti, nikasoma barua yake hadi chini.

Kwa miaka yote ile nilikuwa nikimpikia. Ndizi za mbalaga, magimbi, maharage ya karanga. Nafunika bakuli, natuma watoto, bakuli linarudi likiwa tupu na safi, bila ndaga fijo, ile asante sana yetu ya Kinyakyusa. Sikuwahi kujua kama anavipenda au anavimaliza kwa adabu tu.

"Marahaba, mwanangu," aliandika. "Maharage nimeyaidhinisha. Na mimi chakula chako nimekila miaka mingi, na sikuwa na namna ya kukuambia kwamba ni kitamu. Ndaga fijo."