Faili la Kwanza la Mama Simu

Dada yangu ni fundi cherehani, lakini mtaani hakuna anayemwita fundi. Wanamwita Mama Simu. Mteja akikuta gauni lake halijaisha hagombi; anajua fundi alikuwa na simu sikioni.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alimtuma binti yake wa pekee, wa miaka saba, akanunue uzi wa kijani duka la tatu kutoka letu. Uzi ulinunuliwa, mwenye duka alikumbuka hata chenji aliyompa. Mtoto hakurudi. Tulibandika picha zake kwenye nguzo na kuta za hospitali, chini yake namba ya dada. Wa kwanza kupiga alikuwa baba mmoja wa mbali aliyepotelewa na mwanawe. Hakujua ampigie nani, akaona namba ile. Dada alimsikiliza mpaka wote wawili wakalia. Kisha akachukua daftari la vipimo vya wateja, akaligeuza, akaanzia nyuma: binti yake kwanza, chini yake mtoto wa yule baba. Jina, umri, nguo aliyovaa. Basi daftari likawa hivyo, mbele viuno na mabega ya watu wazima, nyuma watoto.

Mimi simu ile niliichukia, sifichi. Kila ikilia uso wa dada uliwaka, halafu ukazimika, halafu akasema kwa upole, "Nakusikiliza, ndugu yangu." Ukiona hivyo mara kumi kwa siku, moyo unachoka.

Mwaka juzi aliugua, akalazwa wiki nzima, simu ikaisha chaji. Alipoiwasha alikuta mama mmoja amepiga mara ishirini na moja. Toka siku hiyo akasema kazi hii si ya mtu mmoja, nchi nzima inahitaji namba moja ya watoto waliopotea, ya bure, isiyolala. Akaenda wizarani.

"Wazo zuri sana, mama," afisa akamwambia. "Tatizo fungu hakuna."

"Basi nalisubiri hapa hapa," akajibu, akakaa kwenye benchi la ukumbini akishona vifungo vya mashati ya watu. Alishona vifungo pale mwaka mzima, mpaka yule afisa naye akamletea koti lake. Hatimaye kampuni ya simu ikatoa namba, wizara ikakubali kulipa mishahara ya wapokeaji simu, na dada akatiwa kwenye kamati.

Huko bwana mmoja wa hesabu alitaka kubana matumizi. Akasema namba iwe ya watoto chini ya miaka kumi na minne, wakubwa wanatoroka wenyewe. Dada akasimama.

"Wa kumi na saba akipotea, mama yake halii?"

Wakaandika chini ya miaka kumi na minane. Jioni ile alirudi anacheka, tukanywa soda. Hakuna kati yetu aliyepiga hesabu.

Siku ya ufunguzi wa kituo cha namba hiyo nilikwenda naye. Chumba kilikuwa na meza sita na harufu ya rangi mbichi. Mkuu wa kituo akasema faili la kwanza liwe la binti wa Mama Simu, ni haki yake. Dada akakaa mbele ya msichana mpokeaji, mikono mapajani, kama mgeni. Akataja jina. Akataja tarehe ya kuzaliwa. Msichana akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mama, inakataa."

"Inakataa nini, mwanangu?"

"Inasema ametimiza kumi na minane. Wiki iliyopita."

Nikapandwa na hasira. "Andika kumi na saba. Kwani hiyo kompyuta inamjua?"

Mkuu naye akasema hilo linawezekana, hakuna atakayeuliza. Dada akatikisa kichwa.

"Msianze na uongo," akasema. Kisha akanigeukia. "Wiki iliyopita, mdogo wangu. Nilikuwa nakimbizana na mambo ya ufunguzi. Nilisahau siku yake."

Kila mwaka siku hiyo hufunga duka. Mwaka huu hata mimi sikukumbuka.

Simu ikalia. Msichana akatutazama, hajui afanye nini.

"Pokea," dada akamwambia, akainuka kwenye kiti chake kana kwamba anayepiga angekuja kukikalia. "Huyo ni mtoto wa mtu."

Faili la kwanza likawa la mvulana wa miaka mitano mwenye shati la bluu.

Tuliporudi dukani hakuvua hata viatu. Alifungua daftari kwa nyuma, akaweka rula juu ya mstari wa kwanza, akaukata kwa kalamu taratibu, mstari ulionyooka. Halafu akaligeuza. Kwenye upande wa watu wazima, baada ya mteja wa mwisho, akaandika jina la binti yake. Bega, kifua, kiuno, urefu. Akaziacha nafasi wazi, akarudi kwenye cherehani.