Zamu ya Saa Nane Mchana

Mkono wa kununua zile spika niliunyoosha mwenyewe. Nianzie hapo, maana nikiiachia hasira yangu itawamaliza wengine wote na mimi nitabaki mtakatifu, na si kweli. Tulikuwa kwenye kikao cha kanisa letu hapa Bweri, mimi nikiwa katibu, mchungaji akauliza nani anaunga mkono tununue spika mbili za tarumbeta tuzifunge juu ya paa, ili neno liwafikie watu wote wa mtaa. Nilikuwa wa kwanza. Wakati huo nilikuwa nimepanga mbali kidogo, karibu na shule ninayofundisha. Nyumba yangu, hii ambayo dirisha lake la chumba cha wageni linatazamana na ukuta wa kanisa, ilikuwa bado msingi tu. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Miaka miwili baadaye, nimeshahamia, akaja mwalimu wa maandiko kutoka Bunda kutufanyia semina ya siku tatu. Aliandika ubaoni neno moja la Kiebrania, TAMIDI, akakaa nalo siku zote tatu. Alisema maana yake ni daima, siku zote. Moto wa madhabahuni uliitwa kwa neno hilo, na taa, na mikate ya mezani, na sadaka ya kila siku. Ni ibada ya mtu asiyemsahau Mungu wake. Alifundisha vizuri, siwezi kumsingizia. Mimi nimeshika chaki miaka kumi na nane, najua mtu anayelijua somo lake.

Ila sisi tulisikia tulichotaka. Kabla semina haijaisha, mchungaji alishatangaza mnyororo wa maombi wa siku arobaini, usiku na mchana, kila mtu na saa yake, maiki ikipokezanwa bila kunyamaza. Siku ya tatu mchana, wenzangu wakisikiliza somo, mimi nilikuwa nyuma na karatasi za manila nachora ratiba. Mnyororo ukaanza na ugomvi, maana kuna watu walikuwa wananyang'anya wenzao maiki kabla saa haijaisha, kila mmoja anadai Roho amemsukuma. Mchungaji akaniagiza niandike sheria nibandike mlangoni. Nikaiandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: MWENYE ZAMU NDIYE MWENYE MAIKI. ASIINGILIWE.

Siku ya tano ya mnyororo, mama yangu akatolewa hospitali hapa mjini Musoma. Alikuwa ameletwa kutoka kijijini kwetu Butiama, miguu imejaa maji, pumzi haitoshi hata ya kumaliza sentensi. Moyo umekuwa mkubwa, daktari alituambia. Akaniita pembeni akasema dawa zitafanya nusu ya kazi, na nusu nyingine ni usingizi. Usiku asingelala vizuri, kwa sababu akilala chali anabanwa, itabidi aegemezwe kwenye mito. Usingizi wake ungekuja mchana, baada ya kula na kumeza dawa. Mchana asisumbuliwe. Hilo alilirudia mara mbili, nami nikaitikia kama mwanafunzi mzuri, nikampeleka mama kwenye chumba cha wageni.

Saa nane mchana ilikuwa zamu ya kijana mmoja wa kwaya. Sijui mapafu yake aliyapata wapi yule. Spika ilipofumuka, mkono wa mama ulitoka ndani ya blanketi ukashika ukingo wa kitanda, ukabaki hapo. Kila sauti ilipopanda, vidole vilikaza. Nikamwambia naenda kuwaambia wapunguze. Akanizuia.

"Wanaomba, mwanangu," akasema. "Waache."

Hapo ndipo hasira iliponianza. Mwanamke ameimba kanisani zaidi ya miaka arobaini, amefunga na kukesha mpaka magoti yameota sugu, na sasa anaona haya kuomba alale kwa sababu wanaomnyima usingizi wanatumia jina la Mungu. Kufika siku ya nne nyumbani kwangu alikuwa ameacha kula, hata supu ya sato aliyokuwa anaipenda. Akaanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake. Miguu ikajaa tena.

Nikaenda kwa mchungaji. Sikuomba mengi. Nilimwambia tuzime zile za juu ya paa tu, zibaki za ndani, waliomo kanisani watasikia na Mungu pia atasikia. Akaniambia tamidi haina mapumziko, na kwamba shetani naye hapumziki. Nikamweleza habari ya moyo wa mama. Mtu yule akanitazama kwa huruma, huruma kabisa, akaniambia kuna magonjwa yanayochukia maombi, na kama mama anahangaika akisikia jina la Yesu basi nijiulize ndani yake kuna nini.

Niliondoka, kwa sababu ningefungua mdomo ningetukana. Mama yangu! Aliyewafundisha nusu ya kijiji kile kusali! Hadi leo nikikumbuka maneno yale nasikia masikio yanapata moto.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Huyu alishawahi kufunga baa kwa siku mbili tu sababu ya muziki, tena akajisifu sana. Akanikaribisha soda, akanisikiliza, halafu akasema mambo ya Mungu yamemzidi kimo, yeye amezoea mambo ya mitaro na taka. Nikakumbuka ratiba yangu mwenyewe. Mke wake alikuwa na zamu ya saa kumi na moja jioni. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Jumamosi nikapanda gari la Bunda kumtafuta yule mwalimu aliyetuletea neno. Nilimkuta kijiji cha Guta, shambani kwake, anachuma pamba na mkewe. Sikungoja hata kupewa maji. Nikamuuliza, hivi kweli maana ya tamidi ni kelele usiku na mchana?

Akaweka kiroba chini. Akanieleza taratibu kwamba sadaka ya tamidi ilikuwa mwana-kondoo mmoja asubuhi na mmoja jioni. Basi. Moto uliachwa ukiwaka, ndiyo, lakini mtu alitoa sadaka akaondoka, makuhani wakala, wakalala, wakaosha vyombo vyao. Daima ya neno lile, akasema, haina maana ya kutonyamaza. Maana yake ni kutoruka hata siku moja.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza, na sauti nilijua imepanda.

"Niliwaambia siku ya tatu, mchana. Wewe ulikuwa nyuma unachora ratiba." Akaokota kiroba chake. "Mimi niliwaletea neno, mwalimu. Spika nilizikuta kwenu."

Nilirudi Musoma na hasira isiyo na pa kuwekwa. Mchuma janga hula na wa kwao, Waswahili walisema, na mimi langu nilikuwa nimemlisha mama yangu mgonjwa.

Sasa nimtaje baba, maana alikuwepo muda wote huo na mimi sikumhesabu. Alikuja pamoja na mama kutoka Butiama. Ni mtu wa ng'ombe, hajawahi kubatizwa wala kuomba msamaha kwa hilo. Miaka yote ya ndoa yao alikuwaga anamsindikiza mama hadi mlango wa kanisa, anageuka, anarudi kwenye mifugo yake. Kila alfajiri, kabla ya kukamua, husimama akitazama jua linakotokea, akawataja watu wake mmoja mmoja, waliokufa na walio hai, kwa sauti ya mtu anayesalimia jirani. Hapa kwangu nina ng'ombe mmoja tu wa maziwa nyuma ya nyumba, na kumhudumia huyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Jioni ile nilimkuta anakamua. Nikammwagia yote, ya mchungaji, ya mwenyekiti, ya Guta. Hakuacha kukamua. Niliposema asubuhi na jioni, akacheka kidogo.

"Kumbe ni kama hivi," akasema. "Ng'ombe hukamuliwa mara mbili. Ukimkamua siku nzima, utakamua damu."

Akabeba ndoo akaipeleka ndani. Baadaye akaniuliza saa nane mchana ni ya nani. Nikamwambia ni ya kijana wa kwaya. Akauliza ile sheria ya mlangoni inasemaje, maana yeye hajui kusoma. Nikamsomea. Akanitaka nirudie. Mimi, na elimu yangu yote, bado nilikuwa sijaelewa.

Kesho yake Jumapili, baada ya ibada, alivaa koti lake akaenda kanisani peke yake kuomba zamu. Mchungaji nusura alie kwa furaha. Alitangaza kwa maiki, Bweri nzima ikasikia, kwamba mzee wa mila amekuja mwenyewe bila kuhubiriwa, na kwamba katibu ampe saa yoyote anayotaka. Nikamfuta kijana wa kwaya kwenye manila. Nikaandika jina la baba.

Jumatatu, siku ya kumi na nne ya mnyororo, niliomba ruhusa shuleni nikaenda kuona. Saa nane kamili baba aliketi kwenye kiti cha mbele, akapokea maiki kwa mikono miwili kama anavyopokea kila kitu. Akaigeuza. Akatafuta kitufe, akakibonyeza. Akaiweka mapajani, akatulia.

Kimya. Sikuwa najua kanisa lile lina kimya. Nilisikia kuku wa nje, nikasikia mtu anatwanga nyumba ya tatu. Watu sita waliokuwa ndani walitazamana. Baada ya dakika kama tano mchungaji alimsogelea, akamnong'oneza kwamba sasa aombe.

"Naomba," baba akasema.

"Lakini watu hawakusikii, mzee."

"Sikuja kuongea na watu."

Mchungaji alinyoosha mkono kama anataka kuichukua maiki. Halafu macho yake yakaenda mlangoni, kwenye maandishi yangu mekundu, na mkono ukarudi ulikotoka. Sitaficha, nilifurahi, tena furaha mbaya ile ya rohoni. Kisha nikakimbia nyumbani.

Mama alikuwa amelala. Ameegemea mito, mdomo wazi, na ule mkono uliokuwa unashika kitanda siku tisa ulikuwa umelala juu ya blanketi, kiganja kimefunguka. Niliketi sakafuni nikalia. Sikulia kwa furaha. Nililia kwa hasira, kwamba mgonjwa apate saa moja ya usingizi kwa mbinu ya mzee wa ng'ombe, katika mtaa uliojaa watu wanaojua maandiko, na mimi nikiwa mmoja wao.

Kesho yake baba alirudi, na kesho kutwa. Wiki ile ile akaomba na zamu ya saa tisa. Wenye saa hiyo walishaanza kuchoka, wakamwachia upesi. Mvua ilinyesha, alikwenda. Siku moja goti lilimkataa, akajikongoja na fimbo, akafika. Nikamuuliza akiwa amekaa pale anafanya nini. Akasema anawataja watu wake, kama asubuhi, ila anaanza na mama. Miguu ya mama ikaanza kupungua. Akala ugali. Akaniita kwa jina langu.

Siku ya arobaini ilikuwa ibada ya shukrani, kanisa limejaa hadi nje. Mama alitaka kwenda, tukamshika taratibu tukamkalisha. Baba, kwa mara ya kwanza akimsindikiza mama, hakugeukia mlangoni, akakaa nasi benchi moja. Basi mchungaji akasimama akasema tuone matendo makuu, kwamba mama huyu aliletwa mahututi jirani na kanisa, na mnyororo wa siku arobaini, maombi yasiyonyamaza, yamemponya. Watu wakapiga vigelegele. Nilisimama. Haki ya Mungu nilikuwa nimeshasimama na maneno yako mdomoni, mabaya, ya kutosha kunifukuzisha ukatibu na ushirika. Baba akanivuta gauni nikakaa.

Maana mchungaji alikuwa amemwita mama aje atoe ushuhuda, na mama alikuwa tayari njiani.

Alitembea polepole, akipumzika kila benchi la tatu. Akapokea maiki. Akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta kitu alichosimuliwa tu. Akakipata kitufe, akabonyeza.

"Mama," mchungaji akasema, "watu hawakusikii."

"Wasogee."

Wakasogea. Mabenchi yalikwaruza sakafu, waliokuwa nje wakaingia, wazee wakainamisha masikio. Mama akangoja mpaka wametulia.

"Mlinipigia kelele siku tisa," akasema, kwa ile sauti yake ndogo iliyobaki, "nikavumilia, kwa sababu ilikuwa kwa jina la Mungu. Mume wangu akaja akaninyamazia saa ya kulala, siku ishirini na sita. Hakuruka hata moja. Mimi nimepona hapo."

Akamrudishia mchungaji maiki ikiwa imezimwa. Mchungaji akabaki ameishika mbele ya kanisa zima, na kwa muda mrefu hakubonyeza.