Nchi ya Kusikolimwa Ina Mwenyewe

Mimi nina mdomo, sikatai. Pale Mbinga mjini ninaposhona, wateja wote wanajua: nguo naweza kuichelewesha, jibu sicheleweshi. Kwa hiyo yule kijana aliyekuja kijijini kwetu kutafuta mila asiseme hakuonywa.

Mama yangu si Mmatengo. Amezaliwa chini huko ziwani, kwa Wanyasa, ambako muhogo unapandwa kwenye tambarare. Alipoolewa akapandisha mlima kwa miguu kupitia Tingi, akafika huku juu, akakutana na ngoro. Asiyeijua ngoro nimweleze. Mlima unafyekwa, nyasi zinalazwa mraba mraba, kisha udongo wa katikati unachimbwa na kuzifukia, mpaka mteremko mzima unakuwa mashimo na matuta. Kufyeka ni kwa wanaume. Kuchimba, mama. Mvua haibebi udongo, maharage yanastawi, na wataalamu wanakuja kupiga picha. Mgongo wa mama yangu hawakuupiga picha hata siku moja.

Nilikuwa na miaka saba hivi nilipopewa jembe langu la kwanza, na nikalia. Mama hakunibembeleza. Alisema, "Chimba wewe. Chini hapa kuna nchi, na watu wake wanasubiri tuwafungulie dirisha."

"Nchi gani?"

Akaegemea mpini, akafikiri kidogo. Nilimwona akifikiri, kwa macho yangu haya. "Kusikolimwa," akasema.

Basi tangu siku ile kila shimo lilikuwa dirisha. Malkia wa kwanza wa Kusikolimwa alikuwa mkwe aliyeamshwa alfajiri kwenda shamba. Akachukua jembe, akateremka mlima wote, akalitupa ziwani. Jembe likageuka mbasa, ndiyo maana samaki yule anang'aa vile. Ziwa likampenda mwanamke mwenye ghadhabu, likampa nchi iliyo chini ya milima. Sheria yake ya kwanza: mkwe haamshwi kabla ya jua. Ya pili: maji yanatekwa na wanaume. Kulikuwa na vita pia, wanaume walipotaka kurudisha majembe. Vikaisha siku ya tatu kwa sababu hakuna mwanamke aliyekubali kuwasha moto wa ugali. Na wale wadudu wadogo wanaosimama juu ya ziwa kama moshi, mama alisema ni moshi kweli, ni jiko la malkia. Msimu mwingine tulipochimba upya, tuta la zamani likawa shimo na shimo likawa tuta, nami nikamwuliza nchi imekwenda wapi. "Wamehamisha mji mkuu," alijibu. "Majirani walikuwa wambeya."

Nilicheka mpaka nikasahau malengelenge.

Lakini nyumbani haikuwa kicheko. Baba alisema ameoa mwongo, na mawifi wakaitikia. Mama naye akaamini. Kila Jumamosi alikwenda parokiani kuungama, na njiani aliniuliza, "Wiki hii nimeongopa mara ngapi?" Tunahesabu pamoja: vita, mara moja, moshi, mara mbili. Alikuwa anaipeleka nchi nzima kwa padre, kipande kwa kipande, na kurudi na Salamu Maria zake. Mpaka leo jambo hilo linanichoma.

Mwaka jana ndipo akaja yule kijana, msomi, mpole, anakusanya mila za wenyeji ziingie kwenye kitabu. Nilishuka kwenye bodaboda nikamkuta uani kwa mama. Mama anachambua maharage kwenye ungo, na simu ya kijana imewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, inarekodi. Alikuwa ameshasimuliwa malkia, mbasa, vita na moshi. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Na mama," akauliza, "haya masimulizi nyie Wamatengo mmeyarithi kwa nani?"

Mkono wa mama ukatulia kwenye maharage. Akasema, "Tuliyasikia kwa wazee."

Wazee! Wazee gani? Damu ilinipanda. Aliye mjini akitunga anaitwa mtunzi, anapigiwa makofi. Mwanamke wa milimani akitunga, amesikia kwa wazee. Kana kwamba vichwa vyetu ni maghala ya kutunzia vitu vya marehemu! Thubutu!

"Zima hiyo simu," nikamwambia. "Kwanza huyu ni Mnyasa. Pili, hakuna aliyemrithisha. Katunga mwenyewe, mimi nikiwa nachimba pembeni yake."

Kijana akaizima. Hakunijibu kwa jeuri, na hilo lilinikera zaidi. "Dada, nakuelewa. Ila kitabu chetu ni cha mapokeo. Ya kutunga hayaingii. Tukisema ni ya wazee, mama anaingia na picha yake, na watoto wanamsoma shuleni."

Mama akanitazama. Alikuwa anakitaka kile kitabu. Mtu aliyeitwa mwongo ujana wake wote, leo anaambiwa watoto watamsoma, na anayemzuia ni mwanawe wa kumzaa. Niliogopa, nasema kweli. Lakini nikachuchumaa mbele ya ungo wake.

"Mama," nikasema, "miaka yote uliungama hadithi, na hazikuwa uongo. Uongo umeusema leo."

Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. Kisha akamgeukia kijana.

"Mwanangu, washa."

Kijana akawasha.

"Nchi hii nimeitunga mimi, jembe mkononi, mtoto analia. Hakuna mzee aliyenisaidia. Isipoingia kitabuni, isiingie. Na habari haijaisha. Mwaka huu Kusikolimwa wamepata mgeni mwenye simu. Akamwuliza malkia, nchi hii umepewa na nani? Malkia akamletea jembe, akamwambia, chimba hapo, hao wazee utawakuta."

"Akawakuta?" kijana akauliza, kajisahau kabisa.

"Bado anachimba."

Alicheka mwenyewe yule kijana, akaaga kwa heshima, akaondoka. Kitabu kimeshatoka. Nimekifungua dukani nikakipekua chote, na Kusikolimwa haimo. Iliniuma kidogo, kisha nikakirudisha kwenye rafu.

Lakini Jumamosi ya wiki ile ile aliyokuja kijana, nilimsindikiza mama parokiani. Siku hizi anakwenda na fimbo, tunapumzika mara mbili njiani. Nikamtania kama zamani, "Haya, wiki hii umeongopa mara ngapi?"

"Mara moja tu," akasema. "Niliposema wazee."