Mama Mkwe na Mkanda wa Taimingi

Mkanda wa taimingi wa gari langu ulikuwa umejaa nyufa mzunguko mzima; ukikatika njiani, injini imekufa. Niliuona Jumamosi jioni, nilipofungua kava nikitafuta oili inakovujia, na Jumatatu asubuhi nilitakiwa kumpeleka mama mkwe Shinyanga, kwa madaktari wa macho, wakamtoe mtoto wa jicho. Nyonga yake iliwahi kuvunjika, kwenye Hiace hawezi kukaa. Anaweza tu siti ya mbele ya gari langu, tena ikiwa imelazwa.

Fundi wangu hapa Kagongwa hakupatikana kwenye simu. Nikaambiwa amefuata rashi ya dhahabu huko upande wa Geita, yeye na gereji nzima. Watu wakisikia kuna mahali mawe yanatoa dhahabu, hata mshona viatu anafunga kibanda. Mke wangu akasema tukodi gari. La kukodi la nini, na langu lipo uani? Nikanunua mkanda, nikasema nitafunga mwenyewe.

Jumapili, mke na watoto walipokwenda kanisani, nikaanza. Aliyebuni injini ile alidhani binadamu wana vidole vya panya. Bolti ya puli ya chini ilinikatalia mpaka nikaipanda spana kwa miguu. Jua lilikuwa kali, nikavua shati.

Shughuli yenyewe iko kwenye puli ya juu, ile inayozungusha mhimili wa valvu. Nilikuwa nimeitia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ilingane na alama ya kwenye injini. Lakini springi za valvu zinaisukuma. Ukiiachia tu, inaruka. Kwa hiyo mkono wa kushoto unakaza spana, wa kulia unapitisha mkanda mpya, nao mkanda mpya ni mgumu kama nini. Yalikuwa yamebaki meno machache ya mkanda kuingia kwenye puli.

"Mwangaluka," sauti ikanisalimu nyuma yangu.

Mama mkwe, aliyekuwa amefikia kwetu kusubiri safari. Nikaachia kila kitu, nikarukia shati. Kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai benchi moja, na kumtokea kifua wazi ni aibu ya kusimuliwa misibani. Puli ikaruka, kah! Mkanda ukaanguka. Nilitamani kulia. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba macho yake yalikuwa yameshaziba. Angeweza kunikuta bila suruali na asijue.

"Shikamoo mama," nikasema, meno nimeyauma.

"Marahaba, baba." Akajikongoja hadi mlango wa jikoni, akakaa akiangalia ukuta.

Nikarudisha puli kwenye alama. Ikaruka tena. Nikarudia, spana ikateleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma. Kazi ile ilihitaji mkono wa tatu na mimi sikuzaliwa nao. Nikaitukana injini, nikamtukana fundi na dhahabu yake, kwa sauti ya chini kwanza, halafu si ya chini sana.

"Baba," mama mkwe akauambia ukuta, "kinakosekana nini hapo?"

"Mtu wa kushika, mama."

Kisha nikasikia fimbo yake ikija. Alipoligusa gari akaligeuzia mgongo, akanyoosha mkono nyuma.

"Nipe hicho chuma."

Nikamwekea mpini wa spana kiganjani bila kumgusa, nikamwambia avutie upande wake. Akavuta. Mkono ule umelima pamba maisha yote; puli ikatulia kwenye alama kama imefungwa kwa kamba. Nikainama, nikaanza kupitisha mkanda, jino baada ya jino.

"Baba," akasema taratibu, uso wake ukiwa kule barabarani, "miaka yote hii umekaa na mwanangu vizuri, na sura yako siijui. Wakishanifungua macho huko Shinyanga, nitakuangalia. Mara moja tu. Halafu tutaendelea na heshima yetu."

Jino la mwisho lilikuwa bado halijaingia. Nilitaka kumjibu vizuri, kama mkwe anavyopaswa kujibu, lakini nilichoweza kusema ni, "Usiachie, mama."