Kaa Walipotoka Majini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, wakati Wajerumani bado wanatawala na huku milimani wamekwisha kuanzisha mashamba ya kahawa. Mtoto wangu wa kwanza ndiyo kwanza alikuwa anaanza kula uji. Nilimwacha analia njaa, nikashuka mtoni na mtungi.

Nikakuta furaha tele. Kaa wametoka majini wenyewe, wametapakaa kwenye nyasi za ukingoni, na wanawake wanawaokota huku wakicheka. Kitoweo cha bure! Nami tamaa ikanishika, nikawafunga wangu kwenye ncha ya kaniki niliyovaa, kisha nikateka maji. Maji yalikuwa na rangi kidogo, tukadhani ni majani ya msituni tu.

Ndipo akafika bibi, mzaa mama yangu. Yeye hakuteka maji hata siku moja bila kuinua jiwe kwanza na kuchungulia nani yupo chini yake. Sisi vijana tulimtania kuwa anawaamkia kaa. Siku hiyo tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akatupita moja kwa moja hadi majini. Aliinua jiwe, hapana kitu. Akainua jingine, akaona viluwiluwi wamekufa, matumbo juu.

"Mnachekelea nini?" akauliza. "Jirani akihama kwake alfajiri na watoto mgongoni, hamumuulizi kilichomfukuza?"

Akanigeukia. "Mwaga hayo maji."

"Bibi, mtoto analia."

"Mwache alie. Anayelia yu hai."

Nilikasirika, sikufichi. Nikayamwaga pamoja na kaa wangu, nikapanda mlima hadi kwenye chemchemi huku nikinung'unika njia nzima. Wifi yangu hakumsikiliza bibi. Aliyachukua maji yale yale ya mtoni, maana nyumba yake ilikuwa mbali na chemchemi. Mwanawe akaharisha, na hakupona. Mjomba wangu alipofuata mto kwenda juu, alikuta maganda ya kahawa ya shamba la Mzungu yamemwagwa majini, yanaoza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika mtoni usitazame maji peke yake. Inua jiwe uwatazame wanaoishi humo. Ukiona wamehama, mwaga ulichoteka hata kama mtungi umekwisha kuwa kichwani, kisha waambie wenzako, wacheke wasicheke. Yule niliyemwacha analia njaa ndiye mama yako.

Mungu akujalie mto wenye kaa chini ya mawe, na watoto wa kuyanywa maji yake.