Namba ya Kiwandani

Sijawahi kuiba hata senti. Nalisema hilo kwanza kwa sababu watu wa kwetu wakisikia ulikuwa mweka hesabu wa shirika la miti, wanacheka kidogo halafu wanakuuliza ulijenga wapi. Sikujenga popote. Vitabu vyangu vilikuwa safi hivi kwamba mkaguzi aliyetoka Embu alivifunga kabla ya saa nne, akaomba chai. Ubaya nilioufanya niliufanya kwa hesabu safi.

Shirika lenyewe lilikuwa dogo: chumba kimoja cha kupanga pale Githongo, meza mbili, kabati la chuma lisilofungika vizuri, na kitalu cha miche kule chini mtoni. Tulirudisha miti ya kienyeji kwenye kingo ambazo watu walikuwa wamelima mpaka majini. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu. Mimi nilikuwa karani, nimetoka chuoni Meru mjini na cheti changu, na nilijiona. Kitalu kilitunzwa na mama mmoja mtu mzima asiyejua kusoma, na bila yeye tusingekuwa na mche hata mmoja wa kuonyesha wafadhili. Alipanda mbegu katika pakiti tupu za maziwa alizookota sokoni, akazimwagilia asubuhi na jioni, na mwisho wa mwezi nilimhesabia mshahara wake mkononi, naye akaweka kidole gumba kwenye risiti.

Mshahara huo ulikuwa siri. Binti yake alizaa nyumbani kabla ya kuolewa, akafariki, akamwachia mjukuu wa kike. Mume wa mama huyo, mzee wa kanisa, mtu asiyelewa wala kupiga kelele, alisema siku ya mazishi kwamba kahawa yake haitasomesha mtoto asiye na baba. Akasema mara moja tu, ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Mama akamwambia mumewe kuwa kule kitaluni anajitolea tu, kama kufagia kanisa. Pesa akazipeleka moja kwa moja shuleni, na msichana alikuwa amefika kidato cha pili, mkali wa kusoma.

Nilijua yote haya kwa sababu aliniambia mwenyewe. Mtu anayekuwekea kidole gumba kila mwezi huishia kukuamini.

Sasa nieleze kilichonichoma. Siku moja wafadhili walikuja kuona kitalu. Nilivaa viatu vya kisigino, nikawapitisha kati ya miche nikitaja majina, na nilipofika kwenye safu moja nikasema kwa sauti, huu ndio muringa wetu, mti wa kienyeji. Mama akacheka. Akaniambia, "Hiyo ni parachichi, karani. Wewe jua kalamu." Wanachama wakacheka, mwenyekiti akacheka, na wageni nao wakatafsiriwa ili wacheke. Nami nilicheka. Lakini roho iliniuma wiki nzima, na nikiwa nimelala nilikuwa naisikia ile "wewe jua kalamu". Nikasema haya, tutaona kalamu.

Mwaka huo wafadhili walitaka hesabu zibandikwe mahali pa wazi, kila shilingi iliyoingia na kila mtu aliyelipwa. Mwenyekiti akachagua ubao wa kiwanda cha kahawa. Hapo ndipo kila mtu hufika. Watu wetu wamefundishwa kusoma orodha na kile kiwanda. Malipo yakibandikwa, mtu hutafuta yake, halafu anakaa hapo saa nzima akisoma ya jirani.

Mama akasikia. Alinijia ofisini na udongo bado kwenye vidole, hakuketi. "Mwanangu," akasema, "usiandike jina langu pale. Nakuomba. Mzee akiona, mtoto anarudi nyumbani."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sitaandika jina, nitaandika namba. Alinishukuru mpaka akanishika mikono yote miwili. Alidhani namba ni kitu cha ofisini, kitu cha kuficha.

Hakuniuliza namba gani. Katika daftari letu kila nyumba ilijulikana kwa namba yake ya kiwandani, ile ya kupimia kahawa, na namba ya kiwandani ni ya mwenye shamba, na mwenye shamba ni mwanamume. Ile nyumba ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Nani pale hakuijua? Mama mwenyewe aliitaja kila msimu akiwa amebeba kahawa mgongoni, na karani wa mizani akaipaza mpaka walio mwisho wa foleni wakasikia. Ningeweza kuandika "mtunza kitalu" na kuishia hapo. Niliandika: mshahara wa kitalu, miezi kumi na miwili, 412. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Nilijua ninachofanya, na mtu asije akanitetea.

Nilibandika asubuhi. Kabla ya saa sita majirani walikuwa wanampongeza mzee: kumbe miti inakulipa na umenyamaza. Kesho yake alikuja ofisini amevaa koti la Jumapili. Alitusalimu vizuri, akaulizia hali ya mwenyekiti na ng'ombe wake, ndipo akasema, "Nimesikia namba yangu inalipwa hapa. Nimekuja mumwone mwenye namba."

Mwenyekiti akanigeukia. "Karani, hiyo namba ni ya nani?"

Kulikuwa na nafasi hapo. Ningesema, ni ya nyumba, lakini anayefanya kazi ni mama. Maneno kumi hayafiki. Nikafungua daftari, nikaweka kidole, nikasema, "Ni ya mzee."

Tangu mwezi huo nilimlipa yeye. Alisaini kwa kalamu yake mwenyewe, akazikunja noti, akashukuru Mungu. Alimwambia mkewe aendelee na kazi, kwa kuwa sasa ilikuwa kazi ya nyumba. Mama hakunilaumu hata siku moja. Aliacha tu kuniita mwanangu.

Muhula wa pili msichana alirudishwa nyumbani na sanduku lake. Nilimwona kitaluni akijaza udongo kwenye pakiti za maziwa kando ya nyanya yake, bado na sketi ya shule.

Mwaka uliofuata nilibandika hesabu tena. Nilikuwa bado na pini mdomoni wakati wawili hao walipopanda kutoka mtoni na kusimama nyuma yangu. Mama akamwambia mjukuu, "Nisomee. Anza juu."

Msichana akasoma yote, mstari kwa mstari, bila kukosea, kama waliomfundisha walivyotaka. Mbegu. Madebe. Kodi ya chumba. Chai ya wageni. Mshahara wa karani. Mshahara wa kitalu, mia nne na kumi na mbili. Watu wa foleni ya kahawa wakasogea. Alipofika kwenye mhuri wa mkaguzi akarudi juu, akapitisha kidole tena polepole.

"Shosho," akasema, "wewe hujaandikwa."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta. Hakuna mahali umeandikwa."

Mama akaiangalia ile karatasi kwa muda mrefu, mtu asiyejua hata herufi moja. Kisha akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama, wakingoja niseme neno. Nilitoa pini mdomoni, nikamwambia msichana asiguse karatasi ya ofisi kwa mikono michafu.